SOMO LA WANACHAMA: KUSOMA WASIFU KWA JICHO LA MKAGUZI

Kabati la chama cha ushirika halina budi kuwa na vitabu vya maisha ya watu, pamoja na masharti ya chama. Katibu hufundishwa darasani kuandika daftari la fedha; lakini namna ya kushinda tamaa na kurekebisha kosa hujifunza kwa waliomtangulia.

Hata hivyo, wasifu usomwe kama daftari, kwa kutazama pande zote mbili: mapato na matumizi. Mifano mitatu yafaa.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Humo msomaji ataona mikopo, misafara na biashara ya pembe za ndovu. Lakini wapagazi na watumwa walioibeba mali hiyo hawakupewa nafasi ya kusimulia. Faida imeandikwa; gharama waliyoilipa wengine haikuandikwa.

Wa pili ni Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mzaliwa huyu wa Fumba aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Hakupata elimu ya shule. Basi mwanachama asiyejua kusoma asidharauliwe mkutanini. Lakini msomaji akumbuke pia kwamba mwandishi alimpenda aliyemwandika, na apendaye huficha kasoro.

Wa tatu ni Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1818. Akiwa meya wakati wa njaa ya miaka ya 1846 na 1847, alihangaika kuwapatia maskini mkate. Vyama vyake vya kwanza vilitegemea hisani ya wenye mali. Hisani ilipopungua, alikiri kwamba msingi ule haukufaa. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, alianzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe walikuwa wanachama, wakidhaminiana. Ukuu wake haukuwa katika kutokosea, bali katika kukubali kugeuza njia.

Inafaa katibu asome sura moja mbele ya wanachama baada ya mkutano, kisha wajadiliane maswali haya:

1. Mtaji wa mtu huyu ulitoka wapi?
2. Nani alilipa gharama ya mafanikio yake?
3. Alikiri kosa gani, na alilirekebishaje?
4. Nani ameandika habari hizi, na kwa nia gani?

Wanachama waliozoea kumuuliza hivyo mtu wa kitabuni hawataona haya kumuuliza mwenyekiti wao hesabu za msimu. Waliozoea kusifu tu watanyamaza, na fedha za mazao zikipotea watakuwa wamechelewa.