Magofu ya Mgodi Yawe Swali

Familia nyingi hutembea nyikani Bodmin Moor, huko Cornwall, Uingereza, zikipita magofu ya mawe yenye dohani ndefu. Mtoto huuliza: "Nani alikaa humu?" Mzazi hujibu upesi: "Huu ni mgodi wa zamani," na udadisi hukoma hapo.

Sisi twapenda mwalimu amrudishie mtoto swali: nyumba ya kuishi yahitajije ukuta mmoja mnene kupita mingine yote? Ukuta huo ulibeba boriti kubwa ya injini ya mvuke, iliyovuta maji kutoka machimbo ya shaba katika karne ya 19. Kisha aulize ni nani waliopondaponda mawe ya shaba kwa nyundo. Walikuwa wanawake na wasichana; na jambo hilo huwagusa wanafunzi kuliko tarehe yoyote. Mashimo yenyewe yatazamwe kwa mbali.