Atachimenti kwenye Kanda za Zamani: Maelezo kwa Atakayekuja Kericho au Bomet

Mwanafunzi akipata nafasi ya atachimenti ya kunakili kanda za zamani, swali lake la kwanza huwa programu: ni ipi, ni ya bure, inafundishwa wapi. Nami niliuliza hivyohivyo. Programu utaizoea kabla ya chai ya saa nne. Muda wako utaliwa na swali jingine: huyu anayeimba ni nani, ni mtoto wa nani, ametoka kijiji gani, na nani bado yuko hai wa kumtambua kwa sauti tu.

Kama unadhani jina kwenye lebo ni jambo dogo, anza na Kapkatet, kwenye barabara ya Kericho kwenda Sotik. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipita huko na mashine yake ya kurekodi. Kati ya nyimbo alizochukua ni ule uitwao Chemirocha, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Chemirocha ni matamshi ya Kipsigis ya jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huku kwetu. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi ikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM na ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliujua wimbo huo kwa miaka mingi, ilhali Kapkatet haikuwa na nakala. Rekodi ilikuja kurudishwa mwaka 2015, ILAM iliposhirikiana na mradi wa Singing Wells, ambao ndani yake wamo Ketebul Music ya Nairobi. Hebu hesabu mwenyewe: miaka sitini na mitano. Msichana aliyeimba akiwa na miaka kumi na mitano angekuwa na themanini.

Sasa fikiria kama Tracey asingeandika jina la Chemutoi wala la Kapkatet kwenye kadi. Wangerudisha kwa nani?

Mkusanyo utakaoukuta huenda usiwe na kitu cha sifa kama hicho. Wangu ulikuwa wa kawaida kabisa: maboksi ya kaseti za kwaya, harusi, mahubiri, hotuba za chifu, wazee wakipiga kibugandet (ala ya nyuzi), vipindi vilivyonaswa kutoka redioni, na kanda chache za rili ambazo hakuna aliyekumbuka zilikotoka. Baadhi zilikuwa zimerekodiwa mara mbili, mhubiri akianza pale mzee alipokatizwa katikati ya ubeti. Usizidharau kaseti za harusi. Ndizo zenye watu wengi wanaotajana kwa majina, na utazihitaji baadaye kulinganisha sauti.

Kabla ya kucheza chochote, piga picha. Boksi, kaseti pande zote mbili, karatasi ya ndani, hata risiti iliyokunjwa na kusahaulika humo. Mwandiko wa penseli kwenye karatasi ya kaseti hufutika ukiushika mara mbili tatu kwa vidole vyenye jasho. Halafu ipe kila kanda namba yake, uiandike kwenye boksi na kwenye jedwali siku hiyohiyo. Ukikuta lebo inasema jambo usiloliamini, linakili kama lilivyo katika safu moja, na maoni yako yaweke safu nyingine. Huo ndio ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote wa kiufundi, kwa sababu nimeona katalogi ambamo mtu alisahihisha lebo kwa kubahatisha, na sasa hakuna ajuaye kilichokuwa kimeandikwa mwanzo.

Mvua ya Kericho unaijua. Alasiri inaweza kuwa ya jua, kisha mvua ya mawe ikachana majani ya chai kwa dakika chache. Unyevu huo hauisahau kanda. Fungua kila kaseti dirishani uitazame: unga mweupe kwenye kingo za kanda mara nyingi ni kuvu, na kanda hiyo isiingie kwenye deki kabla ya kusafishwa, kwani itaambukiza mashine na mashine itaambukiza kanda nyingine. Rili inayonuka siki ni ya asetati iliyoanza kuoza. Itenge, uinakili mapema. Kanda za miaka ya 1970 na 1980 zinazolia na kuacha utomvu mweusi kwenye kichwa cha mashine zina gundi iliyonyonya unyevu. Dawa yake ni kuzipasha joto la nyuzi kama hamsini kwa saa nyingi katika tanuri maalumu, na hiyo si kazi ya mwanafunzi wala ya jiko la nyumbani. Andika tatizo, mwite msimamizi.

Kwa zile zilizo salama, kazi ni ya utaratibu tu. Safisha kichwa cha deki kwa vijiti vya pamba na spiriti safi ya isopropili. Rola ya mpira ipanguse kwa maji kidogo, kwa kuwa spiriti huukausha mpira. Vunja vile vijipembe viwili vya plastiki juu ya kaseti ili isifutwe kwa kubonyeza kitufe kisicho chake. Peleka kanda hadi mwisho na uirudishe mara moja ili ilegee. Kisha, jambo ambalo wengi hulipuuza: kuna skrubu ndogo kando ya kichwa cha kusomea. Kaseti nyingi zilirekodiwa kwenye redio tofauti, kila moja na kichwa kilichoinama kivyake, na ukiigusa skrubu hiyo polepole huku umevaa hedifoni, utasikia sauti iliyokuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi ikifunguka, herufi za "s" zikatoka wazi. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na urudi kuikagua unapogeuza upande wa pili.

Viwango vya chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, vinapendekeza sampuli 96,000 kwa sekunde kwa biti 24, na zisiwe chini ya 48,000. Tumia faili za WAV. Saa moja ya stereo kwa kiwango cha juu inakula gigabaiti mbili na kidogo, kwa hiyo piga hesabu ya hadidiski mapema, tena ya nakala tatu: mbili katika vifaa tofauti, moja katika jengo jingine. Tengeneza namba ya uhakiki ya kila faili ili baadaye ijulikane kama imeharibika. Na uwe na betri ya akiba ya kompyuta, maana stima ya kwetu haipigi hodi inapoondoka.

Nakala mama usiisafishe. Mvumo, mkwaruzo, mbwa anayebweka, mvua juu ya mabati, vyote vibaki. Ukitaka nakala ya kusikilizika vizuri, ifanye kando. Mabati hayo yananisaidia kujua kwamba rekodi ilifanyika ndani ya nyumba, na mbwa aliwahi kumkumbusha mzee mmoja boma la nani lilikuwa lile.

Hapo ndipo kazi inapoanza hasa. Hamisha nyimbo kwenye simu au spika ndogo, panda boda boda, nenda kwa wazee. Usiende na orodha ndefu. Nyimbo tatu au nne zinatosha kwa mchana mzima, kwa sababu utapewa mursik (maziwa ya kuchachushwa), utaulizwa wewe ni wa nani, na nusu saa ya kwanza itaishia kwenye ukoo wako. Hiyo nusu saa si hasara. Ilipojulikana mimi ni mjukuu wa nani, kogo (nyanya) aliyekuwa akinijibu kwa neno mojamoja alianza kunisahihisha, na kusahihishwa ndiko nilikokuwa nakutafuta. Muombe ruhusa ya kumrekodi yeye pia akisikiliza. Vicheko vyake na majina anayoyataja katikati ya wimbo ni katalogi nzuri kuliko utakayoandika wewe.

Usimwambie kilichoandikwa kwenye lebo. Mwache asikilize kwanza. Nilikuwa na kaseti ya mzee anayeimba na kibugandet, jina lake limeandikwa vizuri kwa kalamu ya buluu. Niliwachezea wazee wawili wa upande wa Longisa, na wote wakakataa: huyu ni kijana, wala si yeye. Mmoja akaongeza kwamba hata kibugandet kinalia juu mno, hakuna mtu angekikaza hivyo. Lebo ilikuwa sahihi. Redio iliyorekodi ilikuwa na betri zilizokwisha, kanda ikapita polepole, na sasa kwenye deki nzima kila kitu kinakimbia. Katika nakala ya kusikilizia nilipunguza mwendo kidogokidogo hadi wakainua vichwa kwa pamoja. Kiwango hicho cha mwendo kikaandikwa katika katalogi, pamoja na namna kilivyopatikana. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingenipa jibu hilo, kwa kuwa redio ya betri haiachi mvumo wa stima wa kupimia.

Majina yatakuchosha. Mtoto aliyeitwa Kiprono, baba yake akiwa Kipkoech, baada ya jando hujulikana kama arap Koech. Hata rais wa pili wa Kenya alikuwa arap Moi kwa sababu baba yake ni Kimoi. Kwa hiyo kaseti mbili zenye majina mawili zinaweza kuwa za mtu mmoja aliyerekodiwa kabla na baada, na kaseti kumi za "arap Koech" zikawa za watu kumi. Mwanamke naye atakuwa Chelangat kwenye kaseti ya shule, kisha Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, kwenye kaseti ya kanisa. Mpe kila mtu namba yake na majina yake yote chini ya namba hiyo, pamoja na ukoo na kijiji. Mahali pia: rekodi iliyoandikwa "Kericho District" miaka ya 1950 inaweza kuwa ya Bomet ya leo, maana Bomet ilikatwa kuwa wilaya mwaka 1992. Na ukitafuta katika orodha za wakoloni, tafuta pia Lumbwa, jina walilowabandika Wakipsigis na ambalo stesheni ya Kipkelion ilikuwa nalo. Wewe mwenyewe andika Kipsigis katika safu ya lugha, na msimbo wake wa kimataifa, sgc. Ukiandika Kalenjin pekee, atakayekuja kutafuta atachanganyiwa na Nandi, Tugen na wengineo.

Usidhani pia kila kaseti ya huku ni ya Kipsigis. Mashamba makubwa ya chai yamechukua wafanyakazi kutoka Kisii, sehemu nyingine za Nyanza na Magharibi kwa vizazi, na katika maboksi yangu mlikuwa na nyimbo za Kiluo na Ekegusii ambazo mtu fulani alikuwa ameziita "nyinginezo". Nilikataa neno hilo libaki. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na kambi ya wachuma chai alizitambua kaseti mbili kwa dakika tano.

Na kuna kanda ambazo hazikuhusu. Mimi ni mwanamke. Siku moja wimbo ulianza kwenye hedifoni, nikamwekea kwa spika mzee aliyekuwa akinisaidia, naye aliposikia aliniambia nizime. Zilikuwa nyimbo za menjo, kibanda wanakotengwa vijana wa jando. Nilizima. Kanda ikapewa kijana aliyepita jando ainakili, na katika katalogi ina namba, urefu, hali ya kanda na neno "imefungwa", pamoja na maelezo ya wanaoweza kuifungua. Hakuna muhtasari wa maneno. Kuna wasimamizi watakaokuambia kwamba kila safu lazima ijazwe. Waonyeshe sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayotaka ridhaa ya wenye mali kabla ya matumizi. Nyimbo za wanawake nazo zina milango yake, na kaka zetu wa atachimenti waheshimu hivyohivyo.

Ripoti ya chuo utaiandika, kitabu cha kila siku kitapigwa muhuri, hayo hayana siri. Tenga wiki za mwisho kwa ajili ya kurudisha. Wazee wengi hawana simu ya kufungua kiungo, ila wana redio ndogo ya kuchomekewa memori kadi au flashi, ile inayokwenda nao shambani. Geuza nyimbo kuwa MP3, anza kila jina la faili kwa 01, 02, 03 na uzinakili kwa mpangilio huohuo ili zifuatane wanapobonyeza kitufe cha mbele, na usizidi zile walizoruhusu wenyewe. Redio hizo hazionyeshi maandishi. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo rekodi sauti fupi kwa Kipsigis: jina la mwimbaji na la baba yake, kijiji, mwaka kama unajulikana, na nani amemtambua. Mwombe mmoja wa wazee aliyesikiliza nawe ayaseme hayo, maana matamshi yake ya majina ni bora kuliko yako.