Habari za Maradhi na Sharti Mbili za Mpokezi



Novemba 2022 nilikuwa mwaka wa kwanza, bado napotea njia ya kwenda maktaba, shangazi yangu aliponipigia simu saa tatu usiku. Jirani yetu alikuwa amefariki alasiri ile baada ya siku nne za homa na kutapika. Watu wa afya walikuja, wakampitisha pamba mdomoni kuchukua sampuli, wakasema maiti asiguswe, timu ya maziko itakuja kesho. Kisha wakapanda gari wakaondoka. Shangazi ndiye muoshaji wa wanawake mtaani kwetu tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma dini huko. Tumwoshe au tusimwoshe?"

Nilimjibu bila kufungua kitabu. Nilimwambia ghusl ni faradhi ya kutosheleza, haiachwi kwa maneno ya watu.

Alimwosha usiku ule ule, na wenzake wawili, kwa mikono mitupu.

Nimeombwa na kamati ya darsa niandike kuhusu juhudi za serikali za kupambana na habari potofu za afya, na nimeona siwezi kuanza kwa kuilaumu serikali wala kwa kulaumu "watu wasiosoma". Nianze na mimi. Wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nimeisambaza katika kundi letu la WhatsApp la familia sauti ya mtu aliyejiita daktari wa Kampala. Alisema maiti za Ebola hutolewa viungo, ndiyo maana jamaa hawaruhusiwi kuziona. Nikaandika chini yake, "Allah atulinde." Shangazi aliisikiliza sauti ile. Kwa hiyo aliponiuliza swali la fiqhi, nusu ya jibu nilikuwa nimeshampa.

Na mchana wa siku ile ile nilikuwa darasani nikijifunza mustalah al-hadith! Ningeulizwa katika mtihani hukumu ya mapokezi ambayo ndani yake yumo mtu asiyetajwa jina, ningeandika bila kusita kwamba huyo ni majhul na riwaya yake ni dhaifu. Daktari fulani wa Kampala, asiye na jina, hospitali wala tarehe, mbona nilimpokea? Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat tunaisoma mara ngapi: habari ikija kwa mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru wengine kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Na Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahih yake, ameweka onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba anayesimulia kila analolisikia ameshajitosheleza kwa uongo. Hakuna sharti kwamba awe ameutunga yeye.

Sasa tuitazame hali ya nchi wakati ule. Serikali ya Uganda ilitangaza mlipuko tarehe 20 Septemba 2022, kitovu kikiwa wilaya ya Mubende, kisha Kassanda. Mpaka ulipotangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023, walithibitishwa wagonjwa 142, na 55 kati yao walifariki, mbali na waliofikiriwa kufa kwa ugonjwa huo kabla ya kupimwa. Katikati ya Oktoba Rais Museveni aliwaamuru waganga wa kienyeji waache kupokea wagonjwa, na Mubende na Kassanda zikafungiwa safari za kutoka na kuingia. Redio zilitoa matangazo, vipeperushi vilibandikwa, timu za afya za kijiji zikapita nyumba kwa nyumba. Hata hivyo huko Kassanda maiti ilifukuliwa ili ifanyiwe ibada za maziko, na Waziri wa Afya, Dkt. Jane Ruth Aceng, alieleza hadharani kwamba kundi la wagonjwa wapya lilitokana na tukio hilo. Niliposoma habari ile nilizima simu. Waliofukua walikuwa Waislamu.

Kwa nini matangazo yote yale hayakutosha? Hapa ndipo elimu yetu ina la kusema. Wanavyuoni wa hadithi hawakumkubali mpokezi kwa sharti moja. Walitaka mbili kwa pamoja: dhabt, yaani awe anahifadhi na kunakili sawasawa, na adala, yaani awe mwadilifu anayeaminika katika mwenendo wake. Mtu mwenye kumbukumbu kali lakini si mwadilifu, hadithi yake haichukuliwi. Mcha Mungu mwenye kusahausahau naye vivyo hivyo. Kampeni nyingi za serikali hushughulikia dhabt peke yake. Huhakikisha kipeperushi kina maelezo sahihi, namba sahihi, picha nzuri. Mwananchi yeye anauliza habari ya adala: huyu anayeniambia ni nani kwangu, na jana alinifanyia nini?

Mfano ulio wazi zaidi uko kwa jirani zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Ebola ilidumu tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 mjini Beni na Butembo. Takriban robo yao waliamini kwamba Ebola haipo kabisa. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wao wa pale wanawatetea. Weka matokeo hayo mawili pamoja, utaona kwamba uvumi haukuanguka kutoka mbinguni. Hawa ni watu waliokuwa wakiuawa na makundi ya silaha kwa miaka bila kuona msaada wa maana, kisha ugonjwa ukaja na misafara ya magari meupe. Desemba ile uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa miongoni mwa sababu, huku nchi nyingine ikipiga kura. Ungekuwa wewe pale, usingesema ni siasa? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutibu, aliuawa ndani ya hospitali. Ubaya huo hauna udhuru. Naeleza tu mlango ambao uvumi uliingilia.

Kilichosaidia kwa kiasi fulani kule hakikuwa matangazo mengi zaidi. Shirika la ALIMA lilileta chumba cha plastiki inayoonyesha, kiitwacho CUBE, jamaa akasimama nje na kumwona mgonjwa wake akipumua, akamsemesha. Hoja ya "wanawaibia viungo" haijibiwi na kipeperushi, bali na jicho la mama mtu. Na lugha nayo. Translators without Borders walipochunguza mjini Goma mwaka 2019, walikuta watu wanataka waelezwe kwa Kiswahili cha kwao cha mitaani. Kifaransa na Kiswahili sanifu cha mabango viliwaacha wengi nje. (Wenzangu kutoka Tanzania wanaotucheka Kiswahili chetu hapa bwenini walitafakari hilo.) Kwetu pia, nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili. Kipeperushi cha 2022 kilichobandikwa mlango wa duka kilikuwa cha Kiingereza na Kiganda. Shangazi anakielewa Kiganda cha sokoni, lakini cha virusi na majimaji ya mwili ni kingine.

Kuna jambo lingine lililowachanganya watu, na hili ni la elimu tupu. Kongo kulikuwa na chanjo, watu zaidi ya laki tatu walichanjwa. Uganda 2022 serikali ikasema hakuna chanjo. Mtaani ikasemwa wanaificha wachanjane wakubwa. Ukweli ni kwamba kuna aina zaidi ya moja ya kirusi cha Ebola. Kile cha Kivu ni aina ya Zaire, ambayo chanjo yake ipo. Cha Mubende ni aina ya Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Sentensi tatu tu hizi, sikuzisikia zikisemwa vizuri redioni hata mara moja, labda kwa sababu wasemaji walidhani wananchi hawawezi kuzielewa.

Tuwe waadilifu pia, kwamba serikali yenyewe inaweza kuwa mpokezi dhaifu. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutoa hesabu za korona zikiwa zimefika wagonjwa 509, na Rais Magufuli akawaambia wananchi kwamba sampuli za papai na mbuzi zimepimwa zikaonekana na korona. Sisemi hivyo kumteta marehemu. Nasema mwanafunzi wa hadithi hapimi habari kwa ukubwa wa kiti cha aliyeileta.

Narudi kwa shangazi. Kirusi cha Ebola huweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 kabla ya dalili. Mimi chuoni nilizihesabu siku 21 nyuma ya daftari la Kiarabu, nikikata mstari kila baada ya Isha. Siku ya sita alisema kichwa kinamuuma, nikakosa usingizi mpaka alfajiri. Majibu ya sampuli yalikuwa yametoka siku ya nne: jirani hakuwa na Ebola. Hakuna aliyekuja kumwambia yule aliyemwosha. Alilisikia siku ya kumi na tano, kwa dereva wa bodaboda.

Alhamdulillah. Lakini angalia lililofuata. Mtaa mzima ulisema, "Mnaona? Walidanganya." Jibu zuri likageuka ushahidi wa uongo, kwa kuwa halikuletwa na mtu wa kulieleza: kwamba sampuli huchukuliwa kwa sababu hawajui, na kwamba wanaokuja na pamba hawajasema ni Ebola, wamesema hebu tuhakikishe. Hiyo ndiyo tabayyun yenyewe. Serikali ilifanya tabayyun, ikasahau kurudisha habari.

Mwaka wa pili, nikitafuta jambo jingine kabisa katika al-Majmu' ya Imam Nawawi, mlango wa kuosha maiti, nilikuta mas'ala ambayo yalinifanya niweke kalamu chini. Anaeleza kwamba maiti ikishindikana kuoshwa kwa kukosa maji, au kwa kuungua kiasi kwamba ikioshwa itachanika, haioshwi, hufanyiwa tayammum. Kisha anataja aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, ambaye kumwosha kungemchana au kungehofiwa kumdhuru muoshaji: naye afanyiwe tayammum. Kuhofiwa kwa muoshaji. Imam Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria. Jibu la shangazi lilikuwa rafuni usiku ule, na mimi nilitoa jingine.

Na halikuwa rafuni tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maziko salama na ya heshima mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, baada ya kushauriana na mashirika ya dini, likiwemo Islamic Relief. Umetaja tayammum kwa maiti wa Kiislamu, hata juu ya mfuko ikiwa maiti ameshatiwa ndani, na umetaja sanda. Juu ya mfuko pana mjadala, maana asili ya tayammum ni kupaka ngozi, na mimi si wa kulikata hilo. Lakini lau watu waliochukua sampuli wangemwambia shangazi maneno haya tu, "Kesho utakuwepo, mtamfanyia tayammum, mtamswalia," asingehitaji kunipigia simu.

Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh na kuambiwa kuna tauni Sham, hakutoa amri ya papo hapo. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Abu Ubayda alipompinga kwamba wanakimbia kadari, alimjibu kwa mfano wa mchungaji na pande mbili za bonde, hakumnyamazisha. Kisha ndipo Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya kutoingia katika nchi yenye tauni na kutotoka humo kwa kuikimbia. Viongozi wetu hunukuu hadithi hiyo kila mlipuko. Mashauriano yaliyotangulia hawayanukuu.

Januari 30, 2025 Wizara ilitangaza Ebola ya Sudan tena, safari hii Kampala penyewe, marehemu wa kwanza akiwa muuguzi. Jioni ile ile simu ikalia. Shangazi hakuuliza swali, alisema tu, "Mwanangu, imerudi." Nikamwambia, "Shangazi, akifa mtu kwa homa usimguse mpaka unipigie, na mimi sitakujibu mpaka nimemuuliza ustadhi wangu na yule dada wa timu ya afya ya kijiji." Akacheka. "Siku hizi umekuwa mwoga wa fatwa."

Mlipuko ule ulitangazwa kuisha Aprili 26, na haukufika kwetu. Lakini nilipokwenda nyumbani kwa Idi tulikaa sebuleni kwake, waoshaji watano na dada wa timu ya afya. Nikawasomea maneno ya Imam Nawawi, nikayafasiri kwa Kinubi, na dada akaonyesha namna ya kuvua glavu bila kugusa upande wa nje. Bi mkubwa kuliko wote aliuliza: "Na watu wakisema nimemkataa maiti kwa sababu ya woga?" Nikasema imamu wa msikiti atalitangaza Ijumaa, jina la kitabu na yote, kabla hajafa mtu. Imamu alikubali, akataka nimwandikie ibara kwa Kiarabu ili aihakiki kwanza. Nilifurahi alipotaka kuihakiki.

Shangazi aliuliza glavu zinauzwa wapi. Dada alisema zahanati zimekwisha tangu Machi. Wanahitaji jozi ishirini kwa kuanzia, na atakayekwenda Kampala wiki hii tafadhali anione chumbani kabla ya Alhamisi.