Somo la Kutoa Maoni: Niliyojifunza Katika Daftari la Darasa

Si zamani nilikuwa nimeketi mlipoketi ninyi, nikiwa katibu wa chama hiki, nikiwahimiza wanachama walete makala nao wakinikwepa kama mtu anayekwepa mdai. Leo niko chuo kikuu, mwaka wa pili, nasomea ualimu. Mlezi wa chama aliponiomba niwaandikie jambo la kuwafaa, nilikubali papo hapo. Nimeamua kuwasimulia habari za daftari moja lililonifunza mengi, na ambalo pia lilinitia aibu. Hadi leo nikiikumbuka aibu ile, macho huenda chini yenyewe.

Daftari lenyewe

Katika darasa letu la utunzi, mhadhiri alikuja siku moja na daftari kubwa la jalada gumu, aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni. Akaliweka juu ya meza ya mbele, akasema: "Hapa mtaandika kwa zamu, kila mtu ukurasa mmoja. Sitaki mambo ya vitabuni. Andikeni mnayoyawaza mkiwa njiani, mkiwa jikoni, mkiwa kitandani. Mwenzako akishaandika, una ruhusa ya kumjibu chini yake. Masharti ni mawili tu: uandike kwa Kiswahili, na utie jina lako."

Tulidhani ni mchezo. Lakini, mpenzi msomaji, mchezo huu una wazee wake. Kule Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji na washairi wenzake walikuwa wakijibizana kwa tungo, huyu akifumba na yule akifumbua. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji. Mswahili kutoa maoni na kungoja jibu ni ada ya tangu jadi. Sisi tulikuwa tunaifuata tu, bila kujua ugumu wake.

Kosa langu la kwanza: kusema lisilokataliwa

Zamu yangu ilipofika, nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba nilitoka katika shule inayokienzi Kiswahili. Niliandika juu ya umuhimu wa umoja. Nilianza kwa methali tatu mfululizo: kidole kimoja hakivunji chawa, umoja ni nguvu, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nikaendelea hivyo hadi ukurasa ukajaa. Nikarudi kwenye kiti changu nikingoja sifa.

Kesho yake nilikuta mwenzangu mmoja ameandika mstari mmoja tu chini ya kazi yangu: "Ndugu, nani anakataa?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao ingawa moyo ulikuwa unaniuma. Lakini baadaye niliona kuwa yule bwana alikuwa amenipa somo la bure. Neno ambalo hakuna mtu anayeweza kulikataa si maoni. "Elimu ni muhimu" si maoni. "Usafi ni mzuri" si maoni. Lakini ukiandika, "Naona si haki mwanafunzi wa kidato cha kwanza kuosha bweni peke yake wakati wakubwa wanaolilala wamekaa," hapo umetoa maoni. Kuna atakayekubali na kuna atakayenuna. Kabla hujaandika, jiulize: je, kuna mtu mwenye akili zake timamu atakayenipinga? Kama hakuna, tafuta jambo jingine.

Kosa langu la pili: kumsema mtu

Basi zamu ya pili nikaenda kwa ghadhabu. Nilisema moyoni, "Wanataka maoni? Watayapata!" Nikaandika hivi:

"Katika chumba chetu tunalala watu wanne. Tunachanga pesa za unga, sukuma wiki na gesi. Lakini kuna mmoja, jina lake sitalitaja, yeye anakulanga kila siku na hachangi hata shilingi. Watu wa aina hii wote ni wavivu. Ni kupe. Wafukuzwe mezani."

Ama kweli, ukurasa ule ulipendwa! Nilipata majibu saba. Mmoja aliandika, "Umesema kweli, hata chumbani kwetu yuko." Mwingine alichora kupe mwenye kijiko mkononi. Mimi kichwa kilivimba. Nilikuwa nikipita darasani watu wananiambia, "Kupe hajambo?" tunacheka.

Mwenzetu yule wa chumbani hakusema neno. Ila jioni ile hakula. Kesho yake pia hakula. Alikuwa akirudi usiku tumeshaosha vyombo, anajipikia strungi, anakunywa na kulala. Siku tisa zilipita hivyo. Sisi tulijuana kwa macho tu, kila mtu akijifanya hajui kitu. Siku ya kumi nilifungua daftari nikakuta mwandiko wake chini ya yale majibu saba. Nayakumbuka maneno yake karibu yote:

"Mlaji aliyetajwa hapo juu ni mimi. Ni kweli sijachanga tangu muhula uanze. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikapeleka pesa nilizokuwa nazo. Niliona haya kuwaambia. Lakini maji ya kupikia na ya kuoga katika chumba chetu huletwa na nani? Mifereji ya ghorofa ya tatu imekauka tangu mwezi wa kwanza. Mwandishi amehesabu sahani, hakuhesabu jerikeni. Na isitoshe, si 'anakulanga'. Ni 'hula'."

Niliyasoma nikiwa nimesimama. Kwa hakika, kila asubuhi nilikuwa nikiamka nakuta maji yamejaa, nanawa uso, naenda zangu. Sikuwahi kujiuliza yametoka wapi. Ndiyo maana wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa wiki moja.

Mafunzo ya lugha

Sasa tuingie katika somo. Nimeupitia ukurasa wangu ule mara nyingi, kama mwalimu anayesahihisha, na nimeona makosa ambayo wengi wetu huyafanya, iwe ni katika insha, katika mdahalo au katika mazungumzo ya kawaida tu.

1. Nilichanganya niliyoyaona na niliyoyadhani. Kiswahili kimetupa maneno ya kutenganisha mambo haya. "Najua" ni la mtu mwenye hakika. "Nimeona" ni la mtu aliyeshuhudia kwa macho yake. "Nimesikia" ni la mtu aliyeletewa habari. "Nadhani" na "nahisi" ni ya mtu anayekisia. Na "naona", pasipo kitu cha kutazamwa, ni la kutoa maoni: "Naona tuanze mapema." Mimi niliona kwamba hachangi. Uvivu sikuuona, niliudhani. Lakini niliandika yote mawili kwa uzito mmoja, kana kwamba yote nimeyashuhudia.

2. Nilitumia "wote" bila hesabu. "Watu wa aina hii wote ni wavivu." Nimewapima wapi? Maneno kama "wote", "kila mtu", "daima" na "kamwe" ni mazito, hubebwa na mwenye ushahidi. Kama huna ushahidi huo, yapo mengine ya kukufaa: "baadhi", "wengine", "aghalabu", "mara nyingi". Hayakufanyi mwoga. Yanakufanya usiangushwe na mfano mmoja tu wa kinyume.

3. Nilijificha nyuma ya fumbo. "Jina lake sitalitaja." Chumba cha watu wanne, mmoja ndiye mwandishi, wawili ni wachangaji, nani hajui aliyebaki? Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Fumbo la namna hii halimkingi anayesemwa, linamkinga anayesema. Kama jambo ni la mtu mmoja, mwendee umuulize, tena faraghani. Kuuliza si ujinga. Kama ni la watu wengi, liandike kama la watu wengi: "Je, asiye na pesa achangie nini katika chumba?" Swali hilo lingetufaa sote, na hakuna ambaye angelala njaa.

4. Lugha ya mdomo ilinitoka bila kuchujwa. Hapa nawaomba tusikilizane vizuri. Tunapopiga gumzo uwanjani, "anakulanga" na "napendanga" hayamdhuru mtu. Lakini tukiandika, mazoea huonyeshwa kwa kiambishi "hu": hula, hupenda, husema. Lingine linalotutesa ni hili la "kulingana na mimi". Kulingana ni kuwa sawa na kitu au kukubaliana nacho. Twaweza kusema "kulingana na sheria za shule". Lakini ukitaka kutoa wazo lako sema "kwa maoni yangu", au "naona" peke yake. Usiyarundike pamoja ukasema, "Mimi kwa maoni yangu naona nikifikiria kwamba..." Msomaji atachoka kabla hujafika.

5. Majibu saba hayakujibu chochote. Yalikuwa ya kunisifu na kucheka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Je, umezungumza naye?" Anayejibu maoni ya mwenzake ana kazi tatu: kwanza aonyeshe ameelewa lililosemwa, pili aseme anakubali wapi na anakataa wapi, tatu atoe sababu. Yule aliyeniandikia "Nani anakataa?" alinisaidia kuliko wote saba. Na chunga methali unazojitetea nazo. Wengi hupenda kusema "lisemwalo lipo". Mwandishi akiishika hiyo bila kupeleleza, uvumi wote atauita ukweli.

Je, tuogope kusema?

Najua mmoja wenu atauliza: sasa tunyamaze? La, hasha! Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Kifungu kicho hicho kinamtaka pia aheshimu haki na sifa za wengine. Hayo mawili yamewekwa pamoja, wala si kwa bahati.

Tena kumbukeni habari za Abdilatif Abdalla. Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 22 tu, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akiwahoji watawala wa wakati huo. Alifungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka wa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo hadi leo inasomwa vyuoni. Umri wake wakati ule unakaribiana sana na wetu sisi wa daftari. Nilipomsoma nilijilinganisha naye nikaona haya. Yeye alimsema aliyekuwa na nguvu kumshinda, akalipa kwa mwili wake. Mimi nilimsema aliyekuwa na kidogo kuliko mimi, na aliyelipa ni yeye, kwa tumbo lake. Kabla ya kuuita usemaji wako ujasiri, tazama kwanza unamwelekea nani.

Mwisho wa habari

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na moja alfajiri nikachukua jerikeni mbili za lita 20. Kutoka kwenye tangi hadi ghorofa ya tatu nilipumzika mara nne. Mwenzangu alinikuta kwenye ngazi. Nilimwambia, "Ndugu, nimekukosea." Akaniangalia kitambo, kisha akachukua jerikeni moja akatangulia. Jioni alikula nasi. Kama amenisamehe kabisa sijui, sijamuuliza, lakini yeye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuwaandikia haya.

Daftari halikuishia hapo. Dada mmoja wa darasa letu alimjibu naye, kwa adabu, kwamba kuficha shida kwa wenzako nako ni kosa, kwa sababu huwanyima nafasi ya kukusaidia. Mjadala huo ulijaza kurasa sita, na hapakuwa na mchoro wa kupe hata mmoja. Chumbani kwetu tulikubaliana: mwenye pesa atoe pesa, asiye nazo ateke maji au apike, na hakuna wa kuulizwa sababu.

Sasa nawaachia zoezi. Chama kinunue daftari moja, kiliweke katika maktaba. Kila mwanachama aandike ukurasa mmoja juu ya jambo dogo alilolishuhudia mwenyewe wiki hiyo: foleni ya chakula, taa za bwenini, mwenzake aliyelia siku ya kufungua shule. Atenge aliloliona na analolidhani, atoe maoni yanayoweza kukataliwa, atie jina lake, kisha aache nusu ukurasa wazi chini kwa ajili ya mwenye kumjibu.

Hiyo nusu ukurasa msiisahau. Mimi ningeiacha wazi tangu mwanzo na kungoja jibu la mwenyewe kabla ya kuita watu wacheke, ningejua habari za jerikeni mapema.