Tahadhari za Dawa katika Kompyuta ya Daktari: Mgonjwa Naye Ana Sehemu Yake

Wakazi wengi wa kata zetu wameshaona kwamba, katika vituo kadhaa vya tiba, daktari haandiki tena dawa kwenye kikaratasi. Huziandika kwenye kompyuta, na mgonjwa anapofika dirisha la dawa mfamasia huwa ameshaziona. Vituo vingi vya umma nchini hutumia mfumo wa GoTHOMIS. Hospitali nyingine zina mifumo yake. Faida ya kwanza iko wazi: hakuna tena mwandiko usiosomeka. Somo hili linahusu faida nyingine, ambayo mgonjwa haioni, nayo ni uwezo wa baadhi ya mifumo ya aina hii kumwonya daktari kabla dawa haijatolewa.

Daktari anapochagua dawa, programu huilinganisha na taarifa zilizomo katika jalada la mgonjwa: mzio, dawa nyingine anazotumia, umri, uzito, ujauzito, hali ya figo. Ikikuta mgongano, onyo hujitokeza kwenye kioo. Maonyo mengine humtaka daktari aandike sababu kabla ya kuendelea.

Tuchukue mfano wa mama mjamzito aliyefika kliniki kupewa SP, dawa ya kuzuia malaria wakati wa ujauzito. Miaka kadhaa nyuma alitumia Septrini, ngozi ikababuka na midomo ikachubuka. Kwa asiye mtaalamu, hivyo ni vidonge viwili visivyohusiana. Kumbe vyote vina salfa, na mwenye mzio mkali wa salfa hapaswi kupewa SP. Programu iliyopangwa vizuri huutambua undugu huo hata pale mhudumu aliyezidiwa na foleni anapoweza kuusahau. Lakini ni lazima mzio wa Septrini uwe umeandikwa, tena mahali pake. Ukiandikwa katikati ya maelezo ya ugonjwa, binadamu atausoma. Programu mara nyingi haitauona.

Udhaifu mkubwa wa tahadhari hizi uko hapo. Kompyuta haina habari ila zile ilizopewa, na wengi wetu tunatibiwa mahali zaidi ya pamoja. Mtu huchukua dawa za kupunguza makali ya VVU kliniki moja, za kisukari kliniki nyingine, na za maumivu ya mgongo duka la dawa muhimu lililo jirani. Dolutegraviri, iliyomo katika dawa za VVU zinazotumiwa na wengi, huongeza kiasi cha metfomini mwilini. Ndiyo maana hushauriwa kwamba anayetumia zote mbili kwa kawaida asizidishe miligramu 1000 za metfomini kwa siku. Ikiwa mgonjwa amenyamaza kuhusu moja kati ya hizo, pengine kwa kuona haya, onyo halitatokea. Vivyo hivyo diklofenaki, ambayo watu huinunua kama pipi, inaweza kumletea mwenye vidonda vya tumbo kutokwa damu, na kumzidishia madhara mwenye ugonjwa wa figo. (Anayejitambua katika mifano hii asiache dawa kwa uamuzi wake, aende akaulize.)

Uko udhaifu wa pili, nao ni wa upande wa watoa huduma. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba madaktari walipita bila kuyafuata maonyo ya usalama wa dawa kwa kiwango cha kati ya asilimia 49 na 96. Si uvivu. Onyo likitokea kwa kila jambo dogo, sikio hulizoea kama tunavyozoea honi za bodaboda sokoni, na lile la hatari hupita pamoja na mengine. Kwa maoni yetu, kituo kinachochagua mfumo kisiulize una maonyo mangapi, bali ni yapi, na nani atayapunguza yasiyo na maana. Na umeme au mtandao ukikatika, kazi hurudi kwenye karatasi. Siku hiyo kinga iliyobaki ni maswali ya daktari na mfamasia, na majibu ya mgonjwa.

Kwa hiyo, unapoingia chumba cha daktari, taja dawa zote unazotumia, za dukani na miti shamba pia. Sema kama ni mjamzito au unanyonyesha. Mtoto apimwe uzito siku hiyo hiyo, kwa kuwa dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo, na uzito wa mwaka jana huipotosha programu. Dawa ikikudhuru, rudi kituoni mapema, omba mzio huo uandikwe katika sehemu ya mzio, na umwombe mhudumu atoe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Njoo na pakiti yenyewe, maana maelezo ya “vidonge vyeupe vya mviringo” hayawezi kuingizwa kwenye kompyuta.