Ua zuri lenye kiazi cha sumu

Huenda nawe wapenda kuipamba bustani yako kwa gloriosa, ua lile jekundu lenye kingo za manjano, ambalo petali zake hupindukia juu mfano wa ndimi za moto. Mmea huu ni wa asili ya Afrika na Asia, na hapa Kenya humea hata mwituni. Hukua kufikia mita 2 hivi, ukijishikiza kwa ncha za majani yake.

Jinsi ya kuupanda

Vaa glovu, kisha ulaze kiazi chake sentimita 5 hadi 10 chini ya udongo, mahali penye jua, na uuwekee mti wa kupandia. Huku Kericho na Bomet kwenye majani chai mvua ni nyingi. Kwa hiyo inua tuta ili maji yasituame, la sivyo kiazi kitaoza.

Hatari iko wapi?

Mmea wote una sumu iitwayo kolchisini, hasa kiazi. Sisi madaktari hutumia kolchisini kutibu ugonjwa wa jongo, lakini kwa vipimo vidogo mno. Nchini India na Sri Lanka watu wamekufa baada ya kula kiazi hiki wakidhani ni kiazi cha chakula.

Kumbuka kwamba hatari huzidi ua likiisha. Shina hukauka, kiazi kikabaki ardhini bila alama. Anayekuja kulima baadaye aweza kukichimbua na kukipeleka jikoni.

Dalili

Huanza kati ya saa 2 na 24: kutapika, kuhara na maumivu makali ya tumbo. Baadaye sumu hushambulia figo, moyo na uboho wa mifupa. Basi usingoje dalili. Mkimbize mgonjwa hospitalini mara moja, ukibeba kipande cha mmea huo. Usimtapishe.

Jikinge hivi

1. Usiupande karibu na viazi vitamu wala mboga.
2. Weka kibao kisichooza mahali ulipoupanda.
3. Usihifadhi viazi vyake jikoni.
4. Mweleze kila anayekulimia bustani.
5. Kama una watoto wadogo au mifugo, panda ua jingine.

Ua hili halina kosa likitazamwa. Kosa ni kulisahau.