Alamu ya Zamani, Kampuni Mpya: Kipi Kinabaki Ukutani?

Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam anapoihama kampuni yake ya ulinzi, huenda akaletewa hesabu ya kila kitu upya: paneli, vihisi, king'ora, hata waya. Na ule mfumo wa zamani bado uko ukutani, mzima. Hasara hiyo huepukika maswali haya yakiulizwa kabla barua ya kuvunja mkataba haijapelekwa.

Vifaa vilivyofungwa ni mali ya nani?

Mkataba ndio unaoamua. Kilichonunuliwa kwa risiti ni cha mwenye nyumba. Kilichofungwa "bure" huku kikilipiwa kidogo kidogo ndani ya ada ya mwezi huenda ni cha kukodi. Cha kuangaliwa zaidi ni redio inayopeleka ishara kwenye chumba cha udhibiti, kwa sababu kampuni huweza kuikodisha tu na kuja kuichukua mteja akiondoka.

Vipi vinaweza kubaki?

Waya kwanza. Kuzipitisha upya kwenye dari na kuta ni kazi ya siku nzima au zaidi, na waya haina kampuni. Sumaku ya mlangoni nayo ni swichi tu: mlango ukifunguka, sumaku inasogea na mkondo unakatika. Vihisi mwendo vya waya vinavyotumia volti 12, pamoja na ving'ora, kwa kawaida hufanya kazi na paneli ya mtengenezaji mwingine.

Kuna kitu kidogo cha kubadilisha: rezista ya mwisho wa waya. Paneli nyingi za DSC husubiri omu 5,600, za Paradox omu 1,000. Fundi asipozibadilisha, paneli mpya itaona hitilafu kila mahali, na mteja ataambiwa vihisi vimekufa.

Vihisi visivyo na waya ni habari nyingine. Vipo vya megahezi 433, vipo vya 868, na hata masafa yakilingana, kila mtengenezaji ana lugha yake. Hivi mara nyingi hufuatana na paneli yao.

Je, paneli yenyewe?

Mara nyingi inafaa. Paneli nyingi hutuma taarifa kwa mfumo wa Contact ID, ambao kila tukio lina namba yake: 110 ni moto, 120 ni kitufe cha dharura, 130 ni wizi. Chumba kipya cha udhibiti kikipokea mfumo huo, kazi inayobaki ni kuweka namba mpya ya mteja na njia mpya ya kutuma ishara.

Kizuizi kikubwa ni namba ya siri ya fundi. Si ile ya kuwashia na kuzimia alamu. Hii ndiyo inayofungua mipangilio. Kampuni iliyofunga mfumo inaweza kuifungia kabisa, na hapo hata kurejesha paneli katika hali ya kiwandani kunashindikana. Iombwe kwa maandishi mteja akiwa bado hadaiwi.

Kipi kisibakizwe?

Betri ya paneli, volti 12, huchoka baada ya miaka 3 hadi 5; hiyo inunuliwe mpya. Kihisi moshi kilichopita miaka 10 tangu kitengenezwe kiondolewe, na tarehe huwa nyuma yake. Kifaa cha kutuma ishara kwa mtandao wa simu kikaguliwe pia. Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilipozima 3G Februari 2022, alamu zilizoitegemea hazikuweza tena kuwasiliana na vyumba vya udhibiti kupitia mtandao huo.

Siku ya kukabidhiana ifanyike nini?

Fundi mpya anafuta njia za mawasiliano za kampuni ya zamani, anabadilisha namba zote za siri na kumwachia mwenye nyumba namba ya fundi kwa maandishi. Kisha milango inafunguliwa mmoja mmoja, mhudumu wa chumba cha udhibiti akitaja kwa simu ni upi ulioonekana kwake. Mwisho umeme wa nyumba unazimwa, kitufe cha dharura kinabonyezwa mfumo ukiwa kwenye betri tu, na dakika zinahesabiwa mpaka gari la doria lifike getini. Likifika, barua ya kuvunja mkataba wa zamani inaweza kupelekwa.